Saizi ya tairi: Namba ambazo mwenye gari kuukuu la kambi hapaswi kuzipuuza

MTEREMKO wa Magara, katika barabara itokayo Mbulu kwenda Mbuyu wa Mjerumani mkoani Manyara, ni mahali ambapo kosa lililofanywa dukani hujitokeza. Gari kuukuu lililosheheni kitanda, jiko, tangi la maji na watu wanne hushuka kutoka uwanda wa juu hadi bonde la Ziwa Manyara kwa kona kali, breki zikiwa zimepata moto na uzito ukielemea magurudumu ya mbele. Ikiwa matairi yalichaguliwa kwa sababu tu yaliingia kwenye rimu, hapo ndipo mmiliki anapoweza kugundua kwamba kuingia kwenye rimu na kulibeba gari ni mambo mawili tofauti.

Magari ya namna hiyo si mageni katika wilaya za Mbulu na Hanang. Wapo wageni wanaokuja kupanda Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ambao hulala ndani ya magari yao. Wapo pia Watanzania walionunua Toyota Hiace iliyokwisha kutumika, wakaondoa viti vya nyuma na kuweka kitanda na makabati, ili safari ya kibiashara au ya kikazi kutoka Katesh hadi Basotu, au kutoka Dongobesh hadi Haydom, isitegemee nyumba ya wageni. Wengine hutumia Land Rover na Land Cruiser za zamani, au mabasi madogo ya Volkswagen yaliyotengenezwa Ulaya miaka ya 1980.

Magari hayo yote yana jambo moja linalofanana. Yalipotoka kiwandani yalikuwa na saizi maalumu ya tairi, lakini tangu hapo yamepita mikononi mwa wamiliki wengi, rimu zimebadilishwa, mizigo imeongezwa, na saizi ya awali pengine haipatikani tena kwa urahisi. Mmiliki mpya hulazimika kuchagua. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua, na kwa nini namba ya uzito inapaswa kutazamwa kabla ya upana, urefu na hata bei.

Mahali pa kuanzia

Hatua ya kwanza ni kujua saizi aliyoipendekeza mtengenezaji. Kwa kawaida imeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva, pamoja na kiasi cha upepo kinachotakiwa kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Katika magari yaliyoagizwa kutoka Japani kibandiko hicho huwa kwa Kijapani, lakini tarakimu zake husomeka bila taabu. Kama kimefutika, saizi hupatikana katika kitabu cha maelekezo cha gari.

Si busara kunakili tu saizi ya matairi yaliyokutwa kwenye gari. Huenda mmiliki aliyetangulia aliweka yaliyokuwapo dukani siku hiyo. Rimu nazo zichunguzwe, kwa maana kipenyo na upana wake kwa kawaida huwa vimegongwa kwenye chuma chenyewe. Rimu iliyoandikwa 15 x 6J, kwa mfano, ina kipenyo cha inchi 15 na upana wa inchi 6. Tairi la inchi 14 halitaingia humo, na kulilazimisha ni hatari kwa maisha ya fundi anayejaza upepo.

Kusoma ubavu wa tairi

Maandishi ya ubavuni ndiyo hati ya tairi. Mfano unaofahamika kwa wenye Hiace za kizazi kilichoanza mwaka 2004 ni 195/80R15 107/105L. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 80 inaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo. Herufi R inamaanisha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Namba 107/105 ndizo zinazosahaulika zaidi. Hizo ni fahirisi za uzito, si kilo zenyewe. Fahirisi 107 humaanisha kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 975 likifungwa peke yake kila upande. 105 humaanisha kilo 925 pale matairi yanapofungwa mawili mawili upande mmoja, kama ilivyo nyuma ya baadhi ya malori. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160, S ni 180 na T ni 190.

Herufi nyingine yenye maana kubwa ni C, ambayo huonekana mwishoni mwa saizi za Ulaya kama 195R15C au 185R14C. Inaashiria tairi la gari la biashara, lenye mwili ulioimarishwa kubeba mzigo. Katika matairi ya Kijapani na ya Kimarekani kazi hiyo hufanywa na herufi LT. Mafundi wengi hulieleza jambo hilo kwa idadi ya plai, wakisema tairi la plai 6 au plai 8. Katika matairi ya kisasa idadi hiyo haimaanishi tena hesabu halisi ya matabaka, bali ni kipimo cha uimara.

Uzito kwanza

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba matairi mawili yenye upana na rimu zinazolingana yana nguvu sawa. Mabasi madogo ya Volkswagen ya miaka ya 1980 ni mfano mzuri. Mengi yake yalivaa 185R14C, tairi lenye fahirisi 102 linapofungwa peke yake, yaani kilo 850. Sokoni lipo pia tairi la gari dogo la abiria lenye saizi 185/80R14 na fahirisi 91, yaani kilo 615. Ukiyaweka kando kwa kando, kimo ni kilekile na upana ni uleule. Hata hivyo, tofauti ya uwezo ni kilo 235 kwa kila tairi, au kilo 470 kwa ekseli moja. Aliyenunua la pili kwa sababu ni la bei nafuu amepunguza zaidi ya robo ya uwezo wa gari lake bila kujua.

Kwa upande wa Hiace, hali hujirudia katika saizi ya 205/70R15. Ipo ya gari la abiria yenye fahirisi 96, inayobeba kilo 710, na ipo yenye herufi C na fahirisi 106/104, inayobeba kilo 950. Chukulia kwamba ekseli ya nyuma ya gari lililojaa inabeba kilo 1,600. Matairi mawili ya kwanza yana uwezo wa kilo 1,420 tu, yaani yamezidiwa kwa kilo 180 kabla gari halijaondoka. Ya pili yana uwezo wa kilo 1,900 na yanabakiza akiba ya kilo 300. Akiba hiyo si anasa, kwa sababu gurudumu linapoingia shimoni au gari linapoinama kwenye kona, tairi moja hubeba zaidi ya sehemu yake.

Uzito wa gari la kambi huongezeka kidogo kidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 80 ni kilo 80. Mtungi wa gesi, betri ya pili, jiko, magodoro, vyombo, mbao za kitanda na mzigo wa juu ya paa hufanya jumla ambayo mmiliki mara nyingi huikadiria kwa pungufu. Njia ya uhakika ni kulipima gari kwenye mzani wa magari likiwa limejaa mafuta, maji, chakula na abiria, na kuipima kila ekseli peke yake. Mizigo mingi ya kambi hukaa nyuma, na gari linaweza kuwa ndani ya kiwango kwa jumla huku ekseli ya nyuma imezidiwa.

Inafaa ikumbukwe pia kwamba tairi lenye nguvu zaidi haliongezi uwezo wa gari. Springi, breki na ekseli vina kikomo chake, na kikomo hicho kinabaki kilekile hata kama tairi lingeweza kubeba tani mbili.

Kipenyo na matokeo yake

Baada ya uzito, jambo la pili ni kimo cha tairi zima. Kanuni yake ni nyepesi: zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha tena kwa mbili, kisha ongeza kipenyo cha rimu, ukikumbuka kwamba inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hesabu hiyo 195/80R15 ina kipenyo cha milimita 693, na 205/70R15 ina milimita 668. Ya pili ni fupi kwa karibu asilimia 3.6. Dereva anayeona 80 kwenye kipima mwendo atakuwa anakwenda takriban 77, na kipima kilomita kitahesabu safari kuwa ndefu kuliko ilivyo.

Upande wa pili ni wale wanaotaka tairi kubwa ili gari lipate kimo katika barabara mbovu. Anayetoka 195/80R15 kwenda 225/75R15 anafikia kipenyo cha takriban milimita 719. Kwa kuwa ni nusu tu ya ongezeko hilo inayokwenda chini ya ekseli, gari linainuka kwa milimita 13, yaani zaidi kidogo ya unene wa kidole. Faida hiyo ndogo ina gharama. Tairi linaweza kugusa bodi usukani unapokatwa hadi mwisho au springi zinapobonyea, injini ya zamani inalemewa zaidi milimani, na dereva anayeona 80 kwa hakika yuko kwenye 83. Kimo cha gari huongezwa vizuri zaidi kwa springi na shokamzoba zilizo imara kuliko kwa tairi.

Kwa hiyo inashauriwa saizi mbadala isitofautiane na ya awali kwa zaidi ya asilimia 3 hivi ya kipenyo. Kwa gari ambalo magurudumu yote manne husukuma, matairi yote yawe ya saizi moja na yaliyochakaa kwa kiwango kinachokaribiana. Likiwa la mbele ni fupi kuliko la nyuma, gia zinazogawa nguvu hufanya kazi ya kupingana muda wote na huchakaa mapema.

Land Rover, Land Cruiser na tairi la 7.50

Magari ya zamani yenye chasisi ndefu yana hadithi yake. Kwa miaka mingi Land Rover na Land Cruiser nyingi za kazi zilivaa tairi la 7.50-16, ambalo husomwa kwa inchi: upana wa inchi 7.5 na rimu ya inchi 16. Toleo lake la radiali ni 7.50R16. Kipenyo chake ni takriban milimita 800, na saizi ya milimita inayolikaribia zaidi ni 235/85R16, yenye milimita 806.

Hata hivyo, kulingana kwa kimo hakutoshi. Tairi la 235/85R16 huhitaji rimu yenye upana usiopungua inchi 6, ilhali rimu nyingi za chuma zilizokusudiwa 7.50 ni za inchi 5.5. Anayebadili saizi alazimika kubadili rimu pia, au abaki na 7.50R16. Kuchagua 225/75R16 kwa kuwa tu ni ya inchi 16 kunaleta tairi lenye milimita 744, fupi kwa karibu asilimia 7, na gari hupoteza zaidi ya sentimita 2 za kimo chini ya ekseli.

Rimu za zamani zenye pete ya kufungia zinastahili heshima ya pekee. Fundi hapaswi kuigusa pete hiyo kabla upepo wote haujatolewa, na wakati wa kujaza hakuna mtu anayepaswa kusimama mbele yake. Pete inayofyatuka kwa nguvu ya upepo inaweza kuua.

Kizazi kilichokulia mkoani Arusha na Manyara kinakikumbuka kiwanda cha General Tyre cha Arusha, ambacho kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Tangu wakati huo soko limetegemea kwa kiasi kikubwa matairi yanayoagizwa kutoka nchi nyingi zenye mitindo tofauti ya kuandika saizi. Ndiyo maana duka moja linaweza kuwa na 195R15C, 195/80R15 LT na 205/70R15 kwenye rafu moja, na muuzaji akaziita zote "tairi za Hiace".

Barabara za Mbulu na Hanang

Barabara kuu ya Babati, Katesh hadi Singida ni ya lami, na huko tairi lenye meno ya kawaida ya barabarani linatosha na hutumia mafuta kidogo. Hali hubadilika gari linapoiacha lami. Vijijini kuna changarawe yenye mawe makali, na katika maeneo ya tambarare ya Hanang kuna udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa mvua hunata hadi kuziba meno ya tairi. Kwa msafiri wa njia hizo, meno mchanganyiko ya lami na vumbi yanafaa zaidi, mradi fahirisi ya uzito isipungue.

Wengi huamini kwamba tairi pana ndilo bora kwa matope. Si hivyo daima. Kwenye utelezi wa juu wenye ardhi ngumu chini, tairi jembamba hukata tope na kufikia sehemu imara, wakati pana huelea na kuteleza. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoiacha saizi ya awali bila hoja ya msingi.

Jambo lenye uzito zaidi kwa safari za mbali ni upatikanaji. Tairi zuri la saizi adimu likipasuliwa na jiwe njiani kwenda Haydom, mmiliki anaweza kusubiri siku kadhaa hadi lingine liletwe kutoka Arusha. Saizi inayovaliwa na magari ya abiria na ya mizigo ya eneo hilo huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupatikana, hata kama ni lililotumika la kumfikisha mtu mjini. Kabla ya kununua, ni vyema kuwauliza mafundi wa pancha wa njia itakayopitwa ni saizi gani wanayoigusa kila siku.

Tairi la akiba nalo liwe la saizi na fahirisi ileile, na lijaribiwe kama linaingia mahali pake chini ya gari. Wapo waliobadili matairi manne na kuacha la akiba la zamani, wakagundua tofauti usiku, mvua ikinyesha.

Upepo na umri

Fahirisi ya uzito ni kweli tu tairi likiwa na upepo uliotajwa. Tairi la biashara lenye fahirisi 107 hufikia uwezo wake kamili kwenye takriban kilopaskali 450, sawa na psi 65. Likijazwa psi 35 kama la gari dogo, uwezo hushuka sana. Ubavu hujikunja kupita kiasi, mkunjo huzaa joto, na joto ndilo hulipasua tairi. Kiasi sahihi hutegemea uzito uliopimwa, hivyo kibandiko cha gari na jedwali la mtengenezaji wa tairi vifuatwe, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni wala cha rimu.

Upepo upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea. Anayetoka pwani kupanda nyanda za juu aelewe kwamba kupanda mita 1,500 huongeza usomaji wa kipimo kwa zaidi kidogo ya psi 2, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi, huku baridi ya nyuzi 10 zaidi ikiupunguza kwa kiasi kinachokaribia hicho katika tairi la psi 50. Dawa ni kupima upya pale alipolala.

Mwisho ni umri. Gari la kambi hutembea kidogo na kusimama sana, hivyo matairi yake huzeeka kwa jua kabla ya meno kwisha. Ubavuni, mwishoni mwa msururu unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima. Kwa matairi ya mtumba tarakimu hizo zisomwe kabla ya kuulizia bei. Meno nayo yakifikia usawa wa vinundu vyenye alama ya TWI, vilivyo na urefu wa milimita 1.6, tairi limekwisha.

Mmiliki anayekwenda dukani anaweza basi kuandika mambo matano kwenye karatasi: uzito wa kila ekseli gari likiwa limejaa, fahirisi ya chini anayoikubali, saizi ya kibandiko, upana wa rimu, na saizi inayopatikana katika njia yake. Muuzaji akikosa tairi linalotimiza masharti manne ya kwanza, ni afadhali safari iahirishwe. Dereva anayeshuka Magara jioni, watoto wakiwa wamelala nyuma, hana nafasi ya kurudi dukani.